Siku moja kwenye hori ya Dubai, pamoja na mama mkwe na watoto

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Lamu na ninafanya kazi Dubai, huu ukiwa mwaka wa nne. Mwezi wa Desemba mke wangu atakuja na watoto wetu wawili, wa miaka 6 na 11, pamoja na mama yake ambaye magoti yanamsumbua. Nina siku moja tu ya mapumziko ya kuwatembeza. Baadhi ya wenzangu wananishauri niwapeleke kwenye majumba ya maduka yenye viyoyozi, na wengine wanasema mitaa ya kale ya Al Fahidi na Al Shindagha ni majengo mapya yaliyovishwa sura ya ukale. Je, inafaa kuipeleka familia huko, na kama inafaa, siku hiyo niipange vipi?

Jibu: Wapeleke, ndugu yangu, na mama mkwe wako umfanye kiongozi wa matembezi. Nasema hivyo kwa sababu kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukarabati nyumba za mawe, kwanza katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na baadaye katika nchi za Ghuba, na mara nyingi nimewaona watu wa pwani yetu wakipita ndani ya nyumba hizo za Dubai wakitazama vitu vilivyowekwa kwenye makabati ya vioo, wakatoka bila kuinua macho hata mara moja kuitazama dari. Dari ndiyo yenye habari inayowahusu. Miti iliyobeba mapaa na sakafu za juu katika nyumba za zamani za mitaa hiyo miwili ni boriti za mikoko, ambazo wenyeji wa huko huziita chandal, na boriti hizo zilikatwa katika visiwa vya Lamu na katika delta ya Rufiji, zikapakiwa majahazini na kupelekwa Ghuba kwa upepo wa kusi, baada ya majahazi hayohayo kuteremka na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na mazulia. Mama aliyekulia Lamu hahitaji kusomewa kibao ili aelewe anachokiona pale juu, na wajukuu wake hawatampata mwalimu mwingine wa namna hiyo katika mji ule.

Anzeni kwa kupima chumba. Boriti ya kawaida haiwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa kwa usalama ikiwa nafasi kati ya ukuta na ukuta inazidi mita tatu hivi, na kwa sababu hiyo vyumba vya Dubai ya zamani ni virefu na vyembamba, sawasawa na vyumba vya Lamu na vya Zanzibar. Ni mti uliopanga upana wa nyumba, si matakwa ya tajiri aliyeijenga. Mwambie mtoto wako mkubwa ahesabu hatua zake kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, kisha amuulize bibi yake kama chumba alicholala utotoni kilikuwa kipana zaidi ya hapo. Bibi anaweza pia kuwaeleza kwamba miti hiyo huuzwa kwa kori, yaani ishirini kwa ishirini, na kwamba wakataji huipa majina kufuata unene wake, tangu fito na pau, kupitia mazio na boriti, hadi nguzo. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982, kwa hiyo hata wewe mwenyewe huenda hukuwahi kuliona jahazi likitweka tanga kuelekea Arabuni likiwa na shehena hiyo, lakini yeye kwa umri wake yumkini aliyaona.

Sasa nije kwenye maneno ya wenzako kwamba yote yale ni mapya. Wana ukweli nusu, na nusu hiyo ni vyema uijue kabla ya kufika, kwa maana mtoto wa miaka 11 ana haki ya kuambiwa kipi ni cha kale na kipi kimejengwa upya.

Mji wenyewe ulikua kando ya hori ya bahari inayoingia nchi kavu na kuugawa, Deira upande mmoja na Bur Dubai upande wa pili, na neno letu la hori na neno lao la khor ni neno moja. Mwaka 1833 watu wapatao 800 wa ukoo wa Al Bu Falasah, tawi la kabila la Bani Yas, walihama kutoka Abu Dhabi na kuweka makazi kwenye mdomo wa hori hiyo, wakiongozwa na Maktoum bin Butti na Obaid bin Said. Al Shindagha, ule ulimi wa ardhi unaotazama bahari, ndiko ilikokaa jamii ya watawala. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walifika wafanyabiashara wengi kutoka kusini mwa Uajemi, wakiikimbia kodi ya forodha iliyozidi kupanda katika bandari za kwao, wakajenga upande wa ndani wa hori mtaa ulioitwa Bastakiya kwa kumbukumbu ya mji wao wa Bastak, na mtaa huo ndio unaoitwa Al Fahidi leo. Umeme ulipofika mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baada yake viyoyozi, familia zenye uwezo zilihamia nyumba kubwa nje ya mji wa zamani, na nyumba zao za mawe zikageuzwa maghala na makazi ya vibarua. Sehemu kubwa ya Bastakiya ilibomolewa kupisha majengo ya serikali. Sehemu iliyobaki nayo ilikuwa imekwisha kuhukumiwa kubomolewa mwaka 1989, pale msanifu majengo wa Kiingereza aitwaye Rayner Otter, aliyekuwa akiishi mtaani humo, alipoanza kuipigania, na Charles, wakati huo mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, aliutembelea mtaa huo akiwa ziarani na kuwaomba wenyeji wake wauhifadhi. Manispaa ya Dubai ilifanya kazi kubwa ya ukarabati tangu miaka ya 1990.

Kwa hiyo utakayoyaona ni mchanganyiko. Kuna nyumba ambazo kuta zake ni zilezile za matumbawe, zilizokwanguliwa na kupigwa lipu upya, kuna nyumba zilizosimamishwa tena kutoka kwenye misingi yake kwa kufuata picha za zamani, na kuna minara ya upepo ambayo ilikuwa imeanguka kabisa. Njia rahisi ya kuchunguza ni kutafuta mahali ambapo mafundi wameacha kipande cha ukuta bila lipu kwa makusudi, kwani wageni huachiwa madirisha ya namna hiyo katika nyumba kadhaa. Ukiona jiwe jeupe lenye vitundu vingi kama sega la nyuki, na ndani yake mistari ya matumbawe inayosomeka wazi, uko mbele ya jiwe lililotolewa baharini, ndugu wa jiwe la Lamu. Katika Al Fahidi kuna pia kipande cha ukuta uliouzunguka mji wa zamani, uliojengwa karibu mwaka 1800. Ni kifupi na watu wengi hupita bila kukiona, lakini kwangu mimi kina thamani kuliko vyumba kumi vilivyopakwa vizuri.

Niruhusu niseme jambo moja la kazi yangu hapa, kwa sababu litamsaidia mama mkwe wako kueleza kwa nini nyumba za mawe huko kwenu nazo zinabomoka. Jiwe la matumbawe lina chumvi na huvuta unyevu kutoka ardhini, na lipu ya chokaa huuachia unyevu huo utoke polepole. Saruji huuziba. Mara kadhaa nimebandua saruji iliyowekwa na mwenye nyumba kwa nia njema kabisa, nikakuta jiwe nyuma yake limekuwa unga unaochotwa kwa kiganja. Ukarabati wa Dubai ulipofanywa kwa lipu ya asili ulidumu vizuri, na mahali ambapo saruji ilikuwa imewekwa miaka ya nyuma palihitaji kufumuliwa kwanza. Mtu mwenye nyumba ya urithi Lamu akilichukua hilo kutoka matembezini atakuwa amepata faida ya nauli yake.

Watoto watavutiwa zaidi na mnara wa upepo, ambao Waarabu wa Ghuba huuita barjeel. Kwa nje ni mnara wa mraba ulio wazi pande zote nne, na ndani yake kuta mbili nyembamba hukatana mfano wa herufi X kutoka juu hadi usawa wa chumba. Upepo ukitoka upande wowote hunaswa na kuta hizo na kushuka chini, na hewa yenye joto iliyomo chumbani hupanda na kutokea upande uliokingwa. Tafuteni chumba ambacho sehemu ya chini ya mnara haijazibwa, bibi asimame pale na kuachia ncha ya leso yake ining'inie, na watoto waangalie kama inatikisika. Desemba upepo ni mwanana na pengine mtasubiri kidogo, lakini inapotikisika mtoto wa miaka 6 huelewa jambo ambalo maelezo ya ukutani hayawezi kumfahamisha. Tofauti na nyumba zetu ni hii, kwamba pwani ya Afrika Mashariki haikuhitaji minara, kwa kuwa kusi na kaskazi hutosha kuingia madirishani. Vinavyofanana ni kiwanda cha ndani, yaani ua ulio katikati ya nyumba, vidaka vya ukutani, na mlango uliopangwa ili mpita njia asiweze kuwaona walio ndani.

Kuhusu mpangilio wa siku, ninashauri mwanze Al Fahidi, mapema, kabla ya saa tatu asubuhi. Mchukulie mama teksi hadi mlangoni mwa mtaa, kwani metro ina lifti katika kila kituo lakini mwendo wa kutoka kituoni utamla nguvu atakazozihitaji baadaye. Wakati huo vichochoro vina kivuli, makundi ya watalii hayajafika, na njia ni tambarare ingawa imetandikwa mawe yasiyo sawa katika baadhi ya sehemu. Saa moja na nusu inatosha. Kuna jumba dogo la makumbusho ya kahawa ambamo mama anaweza kuketi huku watoto wakitazama vinu na mabuli kutoka Yemen na Uhabeshi. Ngome ya Al Fahidi iko jirani, nayo inaaminika kuwa ilijengwa mwaka 1787 na imekuwa makumbusho tangu 1971, lakini imefungwa kwa muda mrefu kwa matengenezo, kwa hiyo usiwaahidi watoto kuingia kabla hujahakikisha kuwa imefunguliwa tena. Pembezoni mwa mtaa, kuelekea ndani ya hori, utaona sehemu ndefu iitwayo Al Seef, yenye kuta za rangi ya udongo na vibanda vya biashara. Hiyo ilijengwa mwaka 2017, na ndiyo ambayo wenzako wangeweza kuiita mpya bila kumkosea mtu. Ni mahali pazuri pa kunywa chai, lakini usiwaonyeshe watoto kama mji wa kale.

Kwa mtu anayetaka kituo cha kitamaduni kinachoandaa chakula cha wenyeji, Sheikh Mohammed Centre for Cultural Understanding iko ndani ya Al Fahidi na imekuwapo tangu 1998. Wageni hukaribishwa chini, huletewa chakula na kuruhusiwa kuuliza lolote kuhusu dini na desturi za wenyeji. Ni lazima kuweka nafasi mapema, na uulize kama kuna kiti kwa ajili ya mama, kwa sababu kukaa chini na kunyanyuka ndilo jambo litakalomsumbua. Mkila hapo au kwenye mkahawa wa jirani, agizeni harees na luqaimat bila kuwaambia watoto ni nini. Watakapoonja watasema wenyewe kwamba hii ni bokoboko na hizi ni kaimati, na bibi atakuwa na maoni yake kuhusu nani anazipika vizuri zaidi.

Baada ya hapo vukeni hori kwa abra. Hii ni mashua ya mbao iliyo wazi, hubeba watu wapatao 20 wanaokaa katikati wakiwa wamepeana migongo na kutazama maji, na nauli ya kuvuka ni dirham 1 ambayo hulipwa kwa sarafu kwa nahodha mkiwa safarini. Haina ukingo wa maana, kwa hiyo mtoto mdogo akae kati ya watu wazima wawili na kushikwa mkono. Kwa magoti ya mama, hatari iko katika kushuka kutoka gatini kuingia mashuani, kwa maana mashua hupanda na kushuka kwa mawimbi ya vyombo vinavyopita. Subirini mashua isiyojaa, mwambie nahodha kwamba mna mzazi mwenye maumivu, na yeye atashika nguzo na kumpa mkono. Mabaharia wa pale wengi ni watu wa Bara Hindi waliozoea kusaidia wazee, na sijaona hata mmoja akiharakisha mtu mzima. Kama huridhiki, inawezekana kukodi abra nzima kwa saa, na hapo hamtasukumwa na mtu, na nahodha anaweza kuwapeleka moja kwa moja mpaka Al Shindagha bila mama kutembea sokoni.

Upande wa Deira msikae muda mrefu. Ingieni soko la viungo lililo karibu na gati, mama anuse karafuu na kuuliza zimetoka wapi, kisha mrudi. Soko la dhahabu liacheni, kwani ni umbali usio na faida kwa watoto na litakula muda wa mchana. La thamani zaidi ni kutazama majahazi ya mizigo yaliyofungwa kandokando ya ukingo wa Deira, ingawa siku hizi ni machache kuliko zamani. Yana injini na hayana tena tanga, lakini umbo la tezi na omo, yaani nyuma na mbele ya chombo, halijabadilika sana, na bado yanabeba friji, matairi na magunia kwenda Somalia, Yemen na Iran. Hori yenyewe ilikuwa ikijaa mchanga kiasi cha kukwamisha vyombo, mpaka Sheikh Rashid, mtawala wa Dubai wakati huo, alipoichimba kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 hadi 1961 kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa ilikopwa Kuwait, na wanahistoria wengi wanaona kwamba ustawi wa mji ulianzia kwenye tope hilo kabla mafuta hayajapatikana.

Alasiri, baada ya sala na mapumziko, nendeni Al Shindagha. Nyumba za mtaa huo zimeunganishwa kuwa makumbusho moja yenye mabanda zaidi ya 20. Hufunguliwa saa nne asubuhi, na tiketi ya mtu mzima ni takriban dirham 50. Msijaribu kuyaona yote. Mimi ningechagua banda linaloeleza historia ya hori, nyumba ya manukato ambayo mama atakaa ndani yake kwa raha akinusa udi na kulinganisha na mafusho ya kwenu, na banda la watoto. Mkibaki na nguvu, ongezeni banda la utamaduni wa bahari, pamoja na nyumba ya Sheikh Saeed, iliyojengwa mwaka 1896 na kukaliwa na mtawala aliyeongoza kuanzia 1912 hadi 1958.

Katika mambo ya bahari mtakutana na lulu, na hapa nina ombi kwako. Utajiri wa Ghuba kabla ya mafuta ulitokana na wazamiaji waliokaa baharini miezi minne ya kiangazi, wakishuka chini na jiwe mguuni na kibanio puani, mpaka lulu za kufugwa za Wajapani na mdororo wa uchumi wa dunia vilipoivunja biashara hiyo mwishoni mwa miaka ya 1920. Miongoni mwa wazamiaji na wavutaji kamba walikuwamo watumwa wengi waliotolewa Afrika Mashariki, na watoto na wajukuu wao ni raia wa nchi hizo leo. Mtoto wa miaka 11 anaweza kuambiwa hilo kwa maneno ya kawaida, kwamba majahazi yaliyobeba boriti yalibeba pia watu ambao hawakutaka kusafiri. Mwambie pia kwamba watu hao hawakusahau walikotoka. Katika nchi za Ghuba kuna ngoma iitwayo liwa, ambayo huchezwa kwa duara huku zumari likilia katikati, na nyimbo zake zina maneno ya Kiswahili mpaka sasa. Msimu wa baridi vikundi vya ngoma hualikwa kwenye sherehe za mitaa ya kale, na kama mtabahatika kukuta liwa, mwache mama asikilize kwa utulivu, kwa maana huenda akayatambua maneno ambayo waimbaji wenyewe hawajui tena maana yake.

Machache ya tahadhari. Valeni mavazi ya heshima, jambo ambalo kwenu halihitaji kusisitizwa, na watoto wasiwapige wanawake picha bila kuwaomba. Metroni hairuhusiwi kula wala kunywa, hata maji, na faini yake si ndogo. Chukueni koti jepesi la mtoto mdogo, kwani jioni za Desemba kando ya hori zina ubaridi ambao watu wa pwani hatuutarajii Arabuni. Makumbusho yana viti vya magurudumu, na mama asione haya kukiomba, kwa sababu masafa kati ya banda na banda hudanganya. Endapo atachoka kabla ya mchana, ondoa safari ya Deira kwenye ratiba na umpeleke moja kwa moja Al Shindagha.

Jua huzama saa kumi na moja na nusu hivi mwezi huo. Muda huo muwe kwenye njia ya miguu iliyo mbele ya nyumba za Al Shindagha, ambako kuna viti vinavyotazama maji, na abra zikianza kuwasha taa. Kituo cha metro cha Al Ghubaiba kiko karibu, lakini kwa mtu mwenye maumivu ya magoti mwendo huo ni wa robo saa au zaidi, kwa hiyo mke wako abaki naye kitini pamoja na watoto, nawe utangulie barabarani kutafuta teksi.